Nilivyotumwa Angani Kukagua Shamba

Puto lile tuliliona mara ya kwanza siku ya Jumapili, tukitoka kanisani, na tangu dakika ile hakuna mtu katika chama chetu aliyelipenda. Lilitokea upande wa mjini, jekundu na manjano, kubwa kuliko kanisa lenyewe, likapita polepole juu ya shamba la Kapseret ambalo baba yangu na wenzake walitaka kulinunua. Halikuwa na mabawa wala injini. Kila baada ya muda lilikoroma kama fahali aliyekasirika, ulimi wa moto ukaonekana chini yake, kisha likanyamaza.

Mwenyekiti wa chama, mzee mwenye duka la mbegu na chumvi ya ng'ombe mjini, alivua kofia akakinga jua.

"Anapima," alisema.

"Anapima nini, Mzee?" nikauliza.

"Msichana, mzungu anayeuza shamba hapandi juu kuangalia ndege."

Wenzake waliguna kukubali. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Nairobi, nimesoma jiografia, nikingoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Nilijua puto ni nini. Nilikuwa nimeona picha yake kitabuni. Lakini niliposimama pale uwanjani mwa kanisa nikaona kikapu kikining'inia na vichwa viwili vya watu vikitutazama kutoka juu, kujua kwangu hakukunisaidia kitu. Nikawaza: kama hapimi, kwa nini amepita juu ya shamba lile, na si lingine?

Siku hizo kila mtu alikuwa akinunua shamba au akijaribu. Wazungu walikuwa wanauza na kuondoka, na watu walijikusanya katika vyama, kila mtu na hisa zake, wakapanda lori Jumamosi kwenda kuangalia. Baba alitoka ukingo wa bonde, ambako shamba letu lilikuwa mawe zaidi kuliko udongo. Alikuwa na kitu kimoja tu cha maana: ng'ombe. Ili aingie katika chama ilimlazimu auze karibu wote, na mnunuzi alikuwa ameshakubali kuja kuwachukua Jumatatu, siku nane baada ya ile Jumapili. Wiki hiyohiyo wanachama wangeenda kwa wakili mjini kutia sahihi. Ng'ombe wakishapakiwa kwenye lori, hawarudi. Baba alijua hivyo, na ndiyo maana siku zile alikuwa hali chakula vizuri.

Shamba lenyewe lilikuwa zuri. Ngano, mahindi, majani ya malisho mpaka magotini, nyumba ya mawe, zizi la kukamulia. Kilichokosekana ni maji ya kuonekana kwa macho.

Kwetu shamba halinunuliwi kabla muuzaji na wanunuzi hawajauzunguka mpaka wake wote pamoja, kwa miguu, wakigusa kila bikoni, jiwe la alama ya mpaka. Mwenye shamba alikubali desturi hiyo bila taabu. Alitembea mbele yetu akiwa na fimbo na mbwa, akatuonyesha bikoni hii, bikoni ile. Tulipofika kwenye msitu wa miwati upande wa magharibi, mvua ikashuka. Mvua ya Uasin Gishu haiombi ruhusa. Mzungu akaelekeza kofia yake kwenye miti akasema, "Maji iko kule nyuma, mzuri sana," na watu wote wakakimbilia lori. Mimi pia nilikimbia. Tangu siku ile hakuna aliyerudi kumaliza kipande kile.

"Mguu wangu haujafika kwenye maji," baba alikuwa akisema kila jioni.

"Yako nyuma ya miti, Mzee mwenzangu. Amesema," mwenyekiti alimjibu.

"Amesema."

Baba alilitamka neno hilo moja kwa namna ambayo mama alisimama na kuondoa vikombe.

Waliomba mara mbili kurudi kuzunguka. Mara ya kwanza mzungu alisema wakata magome ya miwati wameziba njia. Mara ya pili alisema kuna chama kingine kinachotaka shamba, na kama hatumwamini basi aende nacho. Baada ya hapo mwenyekiti hakutaka kumuudhi tena. Ndipo puto likatokea, na wote waliokuwa wamenyamaza wakaanza kuongea. Mmoja alisema anatafuta dhahabu kabla ya kuuza. Mwingine alisema anapiga picha za kuhamishia mpaka. Mimi nilijaribu kueleza kwamba picha haihamishi mpaka, kisha nikakaa nikifikiri, nikaona sina hakika.

Jumatano tulikwenda kumuuliza, mwenyekiti, baba na mimi. Nilichukuliwa kwa sababu ya Kiingereza. Mwenye shamba alikuwa barazani na mgeni wake, kijana wa kizungu mwenye nyusi zilizoungua nusu. Huyo ndiye aliyekuwa na puto. Alikuwa ameteremka na meli, puto likiwa limekunjwa ndani ya gunia kubwa, akizunguka nchi kwa marafiki wa marafiki zake. Nilimtazama zile nyusi nikawaza, huyu ndiye anayeshika moto?

"Wewe nafikiri mimi iko mwizi?" mwenye shamba alicheka, lakini shingo yake ilikuwa imeiva. "Wewe nataka ona maji? Panda! Ona shamba yote! Ona na maji, ona na mbingu!"

Mwenyekiti akanigeukia. "Anasema kweli ama anatutukana?"

"Nafikiri yote mawili," nikasema.

Mgeni aliingia mazungumzoni kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu asiyejua kuna ugomvi. Alisema angefurahi kumpandisha mmoja wetu. Ila mmoja tu, na awe mwepesi. Nchi hii ya juu hewa yake ni nyembamba, alisema, kwa hiyo puto lina nguvu kidogo kuliko kwao, na inabidi kuruka asubuhi mapema kukiwa na baridi.

Nikawatafsiria. Mwenyekiti alipiga tumbo lake.

"Mimi hapana. Mimi nikipanda, hii kitu itarudi kuwa shuka."

Baba alikuwa mrefu na mzito wa mifupa. Wote wawili wakanitazama. Nikajua.

"Miaka yote ya chuo na hakuna nyama," mwenyekiti alisema kwa furaha. "Serikali ilikuwa inakutayarisha kwa kazi hii."

Njiani kurudi nilitembea nyuma yao. Niliwaza kwamba kaka yangu mdogo, ambaye angerithi shamba lile, alikuwa shule ya bweni na hakuna aliyemtaja. Niliwaza kama ningekuwa mwana wa kiume wangenituma. Halafu niliwaza kwamba labda wananiamini, na wazo hilo likanitisha zaidi. Mtu akikutuma kuangalia, ni wewe utakayesema ulichokiona.

Jioni baba alitaka nimweleze jinsi kitu kile kinavyopaa. Nilimwambia hewa ikipashwa moto hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa baridi iliyoizunguka. Ukiifungia ndani ya mfuko mkubwa sana, ile hewa baridi ya nje inausukuma mfuko juu, kama maji yanavyosukuma kibuyu kitupu.

"Moshi umepanda jikoni kwa mama yako tangu nimuoe," alisema, "na haujainua hata sufuria."

"Kwa sababu haukufungiwa, baba. Unatoka kwenye paa."

"Na huyo kijana anaongoza kwa nini?"

"Haongozi. Anaenda na upepo."

Baba aliweka kikombe chini. "Mzungu ameingia kwenye kitu asichoweza kukiongoza?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Nani aliandika hicho kitabu?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa zuri.

Alfajiri ya Ijumaa mama alinipa suruali ya kaka yangu na sweta. Nilipochukua koti la baba alininyang'anya. "Hilo acha. Ukianguka nalo atalia mara mbili." Alicheka peke yake, kisha akanishika mkono kwa nguvu, akaniachilia.

Baridi ilikuwa inauma. Kwenye mabua ya ngano iliyovunwa, wafanyakazi wa shamba walikuwa wamelitandaza puto, kitambaa chepesi cha nailoni, kirefu kama barabara. Kikapu kilikuwa kimelazwa ubavu. Nilikikagua. Kilikuwa kimefumwa kwa fito, kama kikapu cha kuvunia mahindi, kikubwa tu. Nilikuwa nimetegemea chuma. Wanaume wawili walishika mdomo wa puto wakaupanua, wakaupiga piga hewani ili upepo wa baridi uingie, na kile kitambaa kikaanza kuvimba kidogo kidogo, kikajigeuza, kikapumua. Ndipo kijana akawasha jiko la gesi lililofungwa juu ya kikapu akaelekeza moto ndani.

Kelele yake siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto, lakini lisiloisha. Mbwa wa shamba walikimbia mpaka nyumbani. Puto likanyanyuka kutoka ardhini kama mlevi anayejaribu kusimama, likayumba, likasimama wima, likavuta kikapu nacho kikasimama. Wafanyakazi waliking'ang'ania. Kijana akanipungia mkono haraka haraka nipande. Hapakuwa na mlango, ila vitobo viwili vya kutia mguu. Nilishukuru kwa suruali.

Wanachama walikuwa wamekuja, wamesimama pamoja mbali kidogo. "Angalia vizuri!" mwenyekiti alipaza sauti. "Usiangalie mjini! Mjini tunajua kuko wapi!"

Nilikuwa nangoja kurushwa. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono yote, meno nimeyabana, nangoja tumbo litoke. Halikutoka. Nilitazama chini nikaona watu wamekuwa wafupi. Ndivyo ilivyokuwa: sikuhisi kwamba sisi tunapanda, nilihisi kwamba dunia inaondolewa chini yetu kwa adabu. Kikapu hakikutikisika hata kidogo. Hilo nililitilia shaka kuliko kitu kingine chochote. Gari likienda linatikisika, ng'ombe akienda anatikisika. Kitu gani huenda bila kutikisika?

Na upepo haukuwapo. Nywele zangu hazikusogea. Nikamuuliza kijana kwa Kiingereza kama tumesimama. Akasema hapana, tunaenda, na kwa sababu tunaenda pamoja na upepo hatuwezi kuuhisi. Nikatazama miti, na kweli miti ilikuwa inapita. Kichwa changu kilikuwa kinaungua kwa moto wa jiko na miguu yangu ilikuwa barafu. Alipofunga moto, ukimya ukaja mzito, na ndani yake nikasikia mambo ya chini yote: jogoo, mlango wa zizi, mwanamke akimwita mtoto aje anawe uso. Alionekana mdogo kama punje, lakini nilimsikia kana kwamba yuko nasi kikapuni. Nikajiuliza, na sisi je, wanatusikia? Nikaanza kunong'ona.

"Usukani uko wapi?" nilimnong'oneza.

"Hakuna," alisema. "Nina juu na nina chini. Kushoto na kulia si kazi yangu."

Alieleza kwamba upepo wa chini na upepo wa juu huwa haziendi upande mmoja, kwa hiyo mtu akitaka kugeuka anapanda au anashuka mpaka akutane na upepo anaoutaka. Alikuwa akiangalia moshi wa majiko ya wafanyakazi kujua hewa ya chini inaelekea wapi. Kisha akainama ukingoni akatema mate, akayafuata kwa macho mpaka yakapotea. Nilishtuka. Kwetu wazee hutema mate kubariki. Nikawaza, anabariki nini huyu, na amepewa na nani ruhusa? Alipoona uso wangu alisema anapima upepo tu. Neno lile, anapima. Mwenyekiti angefurahi.

Kwa hiyo alikuwa na namna ya kuchagua. Nililiweka hilo moyoni. Tukienda kwenye maji, nitasema amenipeleka kwenye maji mazuri ili niyaone. Tusipoenda, nitasema ameyakwepa. Nilipogundua kwamba nimeshafunga pande zote mbili kabla ya kuona chochote, nilijionea aibu, lakini sikujua la kufanya zaidi ya kuendelea kuangalia.

Shamba lilikuwa limelala chini yetu kama kitambaa kilichoanikwa. Niliona nyumba ya mawe, paa lake lina kutu upande usioonekana kutoka barabarani. Niliona ng'ombe wa mzungu, weusi kwa weupe, wakikimbia kila jiko lilipokoroma. Bikoni hazikuonekana kabisa. Ule msitu wa miwati, ambao siku ya mvua ulionekana kama mwisho wa dunia, ulikuwa kipande chembamba tu, mtu angeupita kabla ya chai kupoa. Nyuma yake bonde likateremka, na chini ya bonde, maji. Chemchemi ya kweli, na kijito, na matete ya kijani. Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Hakudanganya, nikasema.

Halafu nikaona mstari.

Ulikuwa unapita kati ya miwati na maji, umenyooka kuliko kitu chochote kinachonyooka chenyewe. Tuliposhuka kidogo nikaona ni nguzo, nyeupe, zimetolewa magome juzi juzi, na waya unaong'aa. Nikaona pia kwamba ng'ombe waliokuwa wakinywa majini walikuwa wa rangi ya kahawia.

Sasa, shamba huwa na nyua nyingi za ndani. Mzungu hugawa malisho. Na mtu anaweza kuwa na ng'ombe weusi na akanunua wa kahawia. Nilimuuliza kijana ua ule ni wa nini. Akatazama, akasema hajui, yeye ni mgeni. Alisema bila kusita, lakini mwongo mzuri pia hasiti.

"Tunashuka," alisema. "Upepo unaamka na nataka majani laini. Kunja magoti, shika kamba. Na tukigusa chini usitoke mpaka nikuambie. Ukitoka, puto litakuwa jepesi na litapaa tena pamoja na mimi."

Alivuta kamba iliyofungua tundu juu kabisa ya puto, hewa ya moto ikatoka. Miwati ikapita chini ya miguu yetu, karibu kiasi kwamba niliisikia harufu yake. Ua ukapita. Ardhi, iliyokuwa mpole asubuhi yote, ikatujia mbio. Tuligonga, tukaruka, tukagonga tena, kikapu kikaanguka ubavu na kutukokota kwenye majani yenye umande mpaka kikachoka. Nilijikuta nimelala juu ya mtungi wa gesi, mdomo umejaa majani, na kijana anacheka. Nilikuwa mzima. Matope yalikuwa yameingia kwenye sweta. Tulikuwa hatua chache tu kutoka chemchemi.

Wanachama walikuwa wametufuata mbio kupitia miwati, na wa kwanza kufika kwenye ua wa waya alikuwa baba. Alipita kati ya waya, koti likanasa, akalivuta likachanika, hakuligeukia. Alinishika mabega akanitazama juu mpaka chini kama anakagua ndama. "Uko sawa?" "Niko sawa." Mwenyekiti alifika nyuma akihema, na wengine, na baadaye Landrova ya mwenye shamba ikazunguka kwa njia ya mbali ikasimama.

Kijana alikuwa anatafuta kitu kwenye blanketi ndani ya kikapu. Akatoa chupa ya mvinyo. Alinieleza, akitabasamu, kwamba warusha puto wana desturi: kwa kuwa hawachagui pa kutua, huingia kwa watu bila kualikwa, na kwa hiyo humpa mwenye ardhi chupa kabla ya kuondoka. Alijua kwamba wazee wale ndio wanunuzi. Akaona ni heshima nzuri kuanza na mwenye ardhi mpya. Akamwendea baba, akamnyooshea chupa kwa mikono miwili.

Baba akaweka mikono nyuma.

"Usishike!" mwenyekiti alimwambia kwa sauti ya chini. "Ukishika tumekwisha."

Watu wote wakarudi nyuma hatua moja, kama chupa ina meno. Kijana hakuelewa, na ningewezaje kumweleza haraka? Kwetu muuzaji na mnunuzi hunywa pamoja mambo yakiisha. Mtu akishapokea kinywaji kutoka upande wa muuzaji, amekubali kila kitu: bei, mpaka, maji. Hawezi kurudi kesho kuuliza. Kumpa mtu chupa huku mpaka haujamalizwa kuzungukwa ilikuwa, machoni pa wazee wale, hila ambayo wamekuwa wakiingojea tangu Jumapili. Hata mimi niliyeelezwa maana yake nilijiuliza kama nimeelezwa yote.

"Hawanywi pombe?" kijana aliniuliza, uso umemwiva.

"Si sasa," nilisema.

Kwa hiyo akageuka, chupa ingali mikononi, akamwendea mwenye shamba aliyekuwa akishuka kwenye Landrova. "Basi ni yako," alimwambia.

Mwenye shamba alipunga mkono bila hata kufikiri, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. "Si yangu, rafiki," alisema kwa Kiingereza. "Umevuka. Hapa ni kwa jirani. Mpelekee yeye, asije akanuna."

Kisha akaniona. Nilikuwa nimesimama karibu na kikapu na majani kwenye nywele. Nafikiri ndipo alipokumbuka kwamba mimi nasikia lugha yake. Akainama, akaanza kumpapasa mbwa aliyeshuka naye garini.

"Amesema nini?" baba aliniuliza.

Nikanyamaza. Najua ilionekana kama woga, na ulikuwepo, lakini zaidi nilikuwa narudia maneno yale kichwani nikiyageuza. Labda alikuwa anatania. Labda jirani amekodi tu. Nikisema vibaya, chama kinapoteza shamba, kile chama kingine kinalichukua, na watu watasema ni msichana wa fulani aliyeharibu. Nikikaa kimya, Jumatatu lori linakuja kwa ng'ombe. Baba alikuwa bado ananitazama. Nyuma yake wale ng'ombe wa kahawia walikuwa wamerudi kunywa.

"Amesema hapa si kwake," nikasema. "Ua ule ndio mpaka. Maji ni ya jirani."

Mwenyekiti alimgeukia mzungu taratibu. "Bwana. Ni kweli?"

"Mimi nauza hii pande mbele ya nyinyi kuja," mwenye shamba alisema. "Wakili najua. Karatasi nasema."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Hapana mutu nauliza."

"Tulikuuliza! Ukatuonyesha kwa kofia!"

"Mvua nanyesha," mzungu alisema. "Nyinyi nakimbia."

Hapo mtu mmoja alicheka, sijui nani, na kilikuwa kicheko kibaya. Mzungu aliongeza kwamba maji yako hata chini ya ngano, ni kuchimba tu. Kijana wa puto alikuwa anatazama huku na huku na chupa yake. Baadaye nilimwona anavuka bonde peke yake kwenda kuitafuta nyumba ya jirani.

Wanachama walikaa kwenye majani palepale kujadiliana. Mwenyekiti alisema ardhi ni ardhi, na kisima ni jembe na mikono. Wengi walikubaliana naye. Mahali pazuri kama pale hapapatikani kila siku, na kweli hapapatikani. Walimtaka tu mzungu apunguze bei, na najua alipunguza.

Baba alingoja wote wamalize. "Ng'ombe wangu hawawezi kunywa kisima ambacho hakijachimbwa," alisema. "Mimi natoka."

"Unatoka kwa sababu ya mambo msichana ameona akiwa hewani?" mwenyekiti alimkejeli. "Kesho ataota mto."

"Sijatoka kwa alichoona. Nimetoka kwa alichosikia."

Jumatatu mnunuzi alikuja na lori. Baba alimkaribisha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu kizuri, akamuuliza habari za watoto, akamrudisha na lori tupu. Watu walituchekea muda mrefu. Chama kilinunua, wakagawana, wakachimba. Wengine wamepata maji, wengine bado wanachimba, na hao waliopata hunisalimia mjini kwa namna ambayo siwezi kuamua kama ni wema au dharau. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mzungu yule alikubali nipande. Pengine alijua upepo mara nyingi huelekea kwingine. Pengine hakufikiri kabisa. Lakini linalonisumbua ni jingine: mtu aliyeweza kutuficha chemchemi nzima hakuweza kumnyima jirani yake chupa moja.

Mwaka jana baba alipata kipande kidogo upande wa Turbo, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia kwa wakwe zake. Tulikwenda watatu, baba, kaka yangu na mimi. Mwalimu alitukaribisha chai. Baba akasema chai baadaye. Tukazunguka mpaka, bikoni kwa bikoni, mpaka mtoni. Mwalimu alisimama ukingoni akasema, "Mzee, mpaka ni katikati ya maji."

Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Alitembea mpaka katikati, maji yakamfika magotini, akasimama hapo akimtazama mwalimu.

"Njoo uniambie ukiwa hapa," alisema.

Mwalimu alicheka. Alipoona baba hacheki, naye akavua viatu vyake vya kazini, soksi akazitia ndani, akaingia. Wakasimama wawili katikati ya mto kama watu wanaobatizana, mwalimu akarudia maneno yaleyale. Kaka yangu akaingia pia. Mimi nilikuwa ukingoni nikiangalia alama za maji kwenye mawe, nikijaribu kukadiria yanashuka kiasi gani mwezi wa pili, na kama mtu mwenye shamba juu ya mto anaweza kuyageuza.

"Wewe unangoja nini?" baba aliniita. "Ingia."

Nikasema nimevaa sketi.

"Ingia."

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi na chini palikuwa na mchanga mgumu. Baba alisubiri mpaka nikafika alipo, ndipo akamgeukia mwalimu na kumwambia sasa wanaweza kwenda kunywa chai.